Shikamoo ya Mzunguko wa Tatu

Mbio yangu ya kwanza ya maana niliipoteza kwa sababu ya adabu. Sisemi hivyo ili nionekane mtoto mwema. Wapo watu wa Tabora waliokuwepo uwanjani siku ile, na mpaka leo nikikatiza mtaani kwetu Ng'ambo kuna muuza viatu mmoja, mtu mzima na ndevu zake, ambaye akiniona tu anasimama, anapinda goti na kuniambia "Shikamoo dada" kwa sauti nyembamba, kisha anacheka peke yake mpaka anashika mbavu. Nimekuwa bingwa wa taifa wa mbio za baiskeli za uwanjani, nimevaa medali ya bara zima shingoni, na yule bwana hana habari. Kwake yeye mimi ni yule msichana wa shikamoo, na nadhani nitazikwa hivyo hivyo.

Ili jambo lenyewe lieleweke, lazima nieleze jinsi baiskeli ilivyopandwa nyumbani kwetu. Baba alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache na macho makali, na alitoa sharti moja tu la kumruhusu binti yake kupanda baiskeli: ukimkuta mtu mzima njiani, shuka. Si kupunguza mwendo, si kupunga mkono. Shuka, miguu yote miwili chini, pinda goti, sema shikamoo, ngoja marahaba, ndipo uondoke. Mtu mzima akipitwa na mtoto aliyekaa juu ya siti, alisema baba, ni sawa na kupitwa na mbuzi. Ndivyo alivyolelewa na mama yake, Mnyamwezi wa kijijini kabisa, na hakuona kwa nini kuhamia mjini kubadilishe kitu.

Sasa mama alikuwa akiuza uji na vitumbua Kitete, karibu na hospitali ya mkoa, kwa watu wanaouguza wagonjwa wao. Yeye alitangulia na vitumbua, mimi nilimfuata na ndoo ya uji wa ulezi, imefungwa kwa mipira kwenye keria ya baiskeli ya baba. Kutoka Ng'ambo mpaka Kitete asubuhi, njia nzima ni watu wazima. Wanaotoka msikitini, wanaokwenda sokoni, mafundi wanaofungua vibanda vyao, bibi anayefagia mbele ya nyumba kwa makusudi ya kuona nani anapita. Nilikuwa nashuka, napinda goti, napanda, nakwenda hatua kumi, nashuka tena. Na mama hakutaka kusikia habari za kuchelewa. "Uji uliopoa mpelekee baba yako," aliniambia siku moja mbele ya wateja, na wateja wakaangua kicheko.

Nilikuwa na hasira za karibu tangu utoto, na kicheko kile kilinichoma. Nikaamua kwamba kama siwezi kukwepa kushuka, basi nitajua kuondoka. Baiskeli ya chuma nzito na ndoo imejaa nyuma yako haitaki papara, kwa sababu ukiivuta kwa pupa uji unaruka mfuniko na kukumwagikia mgongoni. Unaweka uzito wako wote juu ya pedali moja, polepole, kama mtu anayekanyaga udongo wa kujengea, na ya pili unaikanyaga kabla ile ya kwanza haijafika chini. Nikifika pedali ya nne nilikuwa naruka. Nilifanya hivyo kila asubuhi, miaka mingi, mara ishirini au thelathini kabla ya kengele ya shule, wala sikujua kwamba hiyo ina jina mahali popote.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa gari la matangazo lilipopita mtaani likisema kutakuwa na mbio za baiskeli za wanawake, kuzunguka uwanja wa mpira, wawili wawili. Mama alisema niende. Baba alisema niende, mradi suruali iwe pana na ushungi ukae mahali pake. Nilifungua keria, nikaiacha nyumbani, na ile baiskeli ikawa nyepesi mpaka nikaiona si yetu.

Hizi mbio za wawili wawili zina ajabu yake. Mnazunguka mara tatu, lakini mizunguko miwili ya mwanzo hakuna anayekimbia. Mnakwenda taratibu, mmoja mbele na mmoja nyuma, mnatazamana kama paka wawili kwenye ukuta mmoja, kila mtu anangoja mwenzake akosee. Mzunguko wa tatu ndio wa kufa na kupona. Mimi nilikuwa sijui ujanja wowote. Nilingoja tu mpaka mzunguko wa tatu, nikaondoka kama ninavyoondoka na uji, na wenzangu wakabaki. Mmoja, wa pili, wa tatu. Nikajikuta kwenye fainali.

Kwenye fainali alikuwapo bingwa. Kila mtu Tabora alimjua. Alikuwa mwanamke wa Ulyankulu, kutoka kwa wale wakulima ambao wazazi wao walitoka Burundi, Mkatoliki mwenye rozari ndani ya kola, ana miaka thelathini na minne na mapaja kama ya mbeba mizigo wa stesheni. Alianzia kubeba mizigo ya tumbaku kwa baiskeli toka shambani. Alikwisha kwenda nje ya nchi mara mbili, kwenye uwanja wa mbao ambao kona zake zimeinuliwa kama ukuta, na aliporudi alikuja na baiskeli nyembamba isiyo na breki. Siku ile, kwa heshima ya sisi wenye baiskeli za chuma, alipanda ya chuma.

Alinitangulia. Mizunguko miwili nilitazama mgongo wake. Kengele ya mwisho ilipogongwa akaondoka, nami nikaondoka nyuma yake, na ndani ya pedali nne nikaona mgongo unakuja kwangu badala ya kwenda. Kelele zilikuwa nyingi. Nilimfikia kwenye kona ya mwisho, bega kwa bega, gurudumu langu likaanza kupita lake. Hapo nikageuza uso nikamwona. Niliona mikunjo pembeni ya jicho lake. Niliona mtu mzima.

"Shikamoo dada," nikasema. Na miguu ikasimama.

"Marahaba, mwanangu," akasema yeye, akapita.

Kama ningekuwa na uwezo wa kuizamisha baiskeli ile ardhini na mimi nikiwa juu yake, ningezama. Watu wa mbele walisikia, wakawapasha wa nyuma, na kicheko kikazunguka uwanja kwa kasi kuliko sisi. Mama alijifunika kanga usoni. Baba peke yake hakucheka. Alikuwa amekaa wima na mikono kwenye magoti, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyetosheka. Wiki nzima aliwasimulia wageni habari ile kwa fahari, na mimi wiki nzima nilikula jikoni ili nisimsikie.

Bingwa alinikuta kwenye bomba la maji, nanawa uso kuficha machozi.

"Nani kakufundisha kuondoka vile?" aliniuliza.

"Uji."

"Uji gani?"

Nikamweleza. Alisikiliza bila kucheka, na hilo peke yake lilinifanya nimpende. Akaniambia nije uwanjani Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, na ndoo yangu nije nayo, imejaa maji.

Hivyo ndivyo nilivyopata mwalimu. Alikuwa amepanga chumba Ng'ambo, akiuza maharage na mahindi ya kwao, na kabla ya biashara alinifundisha. Miaka mitatu. Nilimwita dada, ingawa kwa mbali angeweza kunizaa. Alinitoa viwiko nje, akavirudisha ndani. Alinikaripia kwa mabega, kwa macho, kwa kupumua kwa mdomo, kwa kula wali mwingi Ijumaa. Aliniwekea jiwe mgongoni na kuniambia nizunguke lisianguke. Tulikwenda mpaka barabara ya Kwihara, ile njia ya misafara ya zamani ambako wapagazi wa Kinyamwezi walipita na meno ya tembo mabegani kwenda pwani, na hapo alikuwa akinitania: "Babu zako walikwenda kwa miguu na mzigo, wewe una magurudumu unalalamika." Kila asubuhi nilimkuta, nilishuka, nilipinda goti, shikamoo dada, marahaba mwanangu. Kwenye mazoezi nikimfikia kwa nyuma, shikamoo dada, marahaba mwanangu, halafu tunaendelea. Ikawa sehemu ya mazoezi yetu.

Ile baiskeli yake nyembamba aliniazima. Ilinitesa. Gurudumu la nyuma limefungwa moja kwa moja na mnyororo, kwa hiyo linapozunguka na pedali zinazunguka, utake usitake. Hakuna kupumzisha miguu, hakuna breki. Ukitaka kusimama unazigombeza pedali mpaka zikubali. Siku moja spoku ilikatika nikaipeleka kwa fundi wetu wa Ng'ambo, mzee mwenye roho nzuri, nikamwachia niende Kitete na uji. Niliporudi nilikuta amefunga breki mbele na nyuma, amebadilisha na kitovu cha gurudumu ili pedali zipumzike, na amejaa furaha. "Nimekuokoa maisha," aliniambia. "Hawa Wazungu wamekuuzieni kitu kibovu." Dada alipoiona alikaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Fundi alikubali kuirudisha kama ilivyokuwa kwa shingo upande, na kwanza alinitaka niseme mbele ya majirani wawili kwamba nikifa yeye hayumo.

Kisha ukaja ujumbe kutoka kwa wakubwa wa timu ya taifa. Kulikuwa na mashindano ya bara Misri, kwenye uwanja wa mbao, na nafasi ya mwanamke ilikuwa moja. Sisi wawili ndio tuliokuwa juu nchi nzima. Tungekutana Dodoma, mbio tatu, atakayeshinda mbili anakwenda.

Alinisomea ujumbe ule kwenye simu yake, tumesimama uwanjani, kisha akaifunga simu. "Mimi hii ni ya mwisho," alisema. "Nikiikosa narudi shamba." Akaniambia nizunguke mara ishirini.

Nyumbani hawakunisaidia. Mama alisema mwache mwenzio aende, wewe bado una miaka mbele yako. Baba alisema aliyekufundisha ni mzazi, akarudi kupiga randa yake. Hawakuwa wabaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana mtu mbaya unamjibu. Nilitaka kwenda. Naandika wazi kwa sababu wakati ule sikuweza kulisema: niliutaka ule uwanja wa mbao kuliko nilivyotaka kuolewa, na posa zilikuwa zimekwisha anza kugonga mlango. Nilimpenda dada na nilitaka kumnyang'anya, yote mawili kwa pamoja, na nilikuwa siwezi kulala vizuri.

Nilichokuwa nangoja ni ruhusa. Nilidhani ataniambia, kama watu wazima wanavyosema, mwanangu fanya uwezavyo, usinionee haya. Tulipanda treni pamoja, baiskeli yake kwenye behewa la mizigo, na njia nzima nilingoja. Tulipita Itigi. Tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga alizokaanga mwenyewe. Mwishowe nikajikaza.

"Dada, kesho..."

"Kesho nitakupiga," alisema. "Kula."

Dodoma upepo ulikuwa mkali na njia ya kuzungukia ilikuwa ngumu na safi. Mimi timu iliniazima kwa siku ile tu baiskeli nyembamba kama ya dada. Kila mmoja alipewa mtu wa kumshikia baiskeli kwenye mstari, kwa sababu miguu inafungwa kwenye pedali na huwezi kusimama peke yako.

Mbio ya kwanza nilikaa nyuma. Mzunguko wa tatu nikamvuta, nikamfikia kwenye kona ya mwisho, bega kwa bega. Yeye hakugeuka. Kwa sauti tulivu kabisa, kama mtu aliyekaa barazani, akasema, "Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, shika..."

Miguu ikataka kusimama, na ile baiskeli haisimami. Pedali zilinitupa juu, nikayumba, nikajizuia nisianguke kwa neema ya Mungu. Yeye alivuka mstari na mimi niko nyuma yake urefu wa baiskeli nzima. Nilijiambia imemtoka tu, kama ilivyonitoka mimi mwaka ule. Niliamini hivyo kwa sababu nilitaka kuamini.

Mbio ya pili alianza mbele, lakini akataka nitangulie mimi. Kwenye mzunguko wa pili alipunguza mwendo, akapunguza, mpaka akasimama kabisa juu ya magurudumu mawili, akipepesuka kidogo tu, akingoja niishiwe uvumilivu nipite mbele ili aninyemelee kwa nyuma. Ni ujanja wa mabingwa na wengi wameangukia hapo. Lakini kunisimamisha mimi ili niondoke upya! Nilimhurumia, haki ya Mungu. Nikaweka uzito kwenye pedali, ya pili kabla ya ya kwanza, na nilipotazama chini ya kwapa alikuwa mbali. Hakunifikia tena.

Mbio ya tatu aliondoka mapema mno, mzunguko mzima kabla ya wakati, kwa nguvu zote alizokuwa amebakiza. Ulikuwa uamuzi wa mtu asiye na kesho. Nilimfuata na mapafu yananiwaka. Nusu ya mzunguko nilidhani sitamfikia, na sauti ya mama ikaniambia mwache aende, na nikaijibu sauti ile tusi ambalo sitaliandika hapa. Kwenye kona ya mwisho nikaingia begani kwake. Nilimsikia anavuta pumzi.

"Hujambo, mwanangu?"

Nikauma midomo. Niliiuma mpaka nikasikia ladha ya damu. Mtu mzima, mwalimu wangu, aliyenilisha karanga zake, alinisabahi na mimi nikapita kimya kama sikumsikia. Nilimshinda kwa gurudumu moja.

Sijawahi kuwa na furaha kama ile, wala aibu kama ile, na zilinijia pamoja mpaka sikujua nalia kwa ipi. Nilizunguka mara mbili kupunguza kasi. Kisha nikashuka, nikamwendea alipokuwa amekaa kwenye nyasi, nikapinda goti mbele ya watu wote.

"Shikamoo dada."

Alinitazama. Akavua kofia yake ngumu, akasimama, akaondoka. Hakuitikia.

Kwa mtu wa kwetu jambo hilo si dogo. Mtu mzima anaweza kukugombeza, anaweza hata kukuchapa, lakini marahaba anakupa. Kukunyima ni kukuambia hujalelewa na mtu. Nilimpigia baba simu.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda, baba."

"Na mwenzio umemwamkia?"

"Baada ya mstari. Hakuitikia."

Nilisikia baba anaweka randa chini. "Mwamkie tena siku nyingine," alisema.

Wakati wa kurudi dada alikaa behewa lingine. Wiki haikupita akarudisha ufunguo wa chumba, akafunga baiskeli yake nyembamba juu ya basi, akaenda Ulyankulu. Mimi nikabaki na safari ya Misri, miezi miwili ya mazoezi, na baiskeli ya baba.

Nilikwenda kwa fundi. Nilimwomba alifunge gurudumu la nyuma la chuma cha baba lisipumzike, liwe kama lile la dada. Alikataa. Nilikaa kwenye benchi lake asubuhi mpaka adhuhuri, nikarudi kesho yake nikakaa tena, na siku ya tatu alichukua vifaa akalichomelea huku akinuna, akiniombea dua kwa sauti ili nisikie. Kwa baiskeli ile nilizunguka uwanja peke yangu kila asubuhi. Hakuna wa kunipigia saa wala wa kuniambia viwiko. Niliposikia uvivu nilijiambia maneno ambayo yeye angeniambia, na mengine makali zaidi, kwa kuwa nilikuwa na hasira naye.

Misri uwanja wa mbao ulinitisha. Nilifika pale nikatazama kona zile zilizosimama na nikasema moyoni fundi alikuwa na haki. Siku ya kwanza nilizunguka chini tu, kwenye sehemu ya kawaida, kama kuku anayetafuta mtama. Siku ya pili kocha wa timu alinionyesha kwa mkono: juu. Nikajua kwamba ukipunguza mwendo pale unaanguka, na ukikaza huanguki, basi. Nikakaza. Kule hapakuwa na mtu aliyenisabahi kwa lugha ninayoijua, na niliwapita wakubwa kwa wadogo bila kugeuza shingo. Nilipata medali ya shaba. Nilisimama pale juu ya jukwaa, na mtu niliyemtafuta kwa macho kwenye viti nilijua kabisa hayupo.

Nilirudi Tabora na medali, nikapumzika siku mbili, siku ya tatu nikaenda Ulyankulu kwa baiskeli ya timu ambayo walikubali nikae nayo. Nilifunga breki ya mbele kwa ajili ya barabara. Nilimkuta kwenye banda la kukaushia tumbaku, amekaa kwenye mkeka, anafunga majani kwenye fito.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Karibu, kaa," alisema, akanisogezea kamba na rundo la majani.

Ilitoka kirahisi mno mpaka nikakosa la kufanya na uso wangu. Nikakaa, nikafunga majani. Nilimwonyesha medali akaigeuza pande zote mbili, akaipima mkononi, akanirudishia. Tukafunga ufito mmoja mzima.

"Viwiko nilikurekebisha?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Mabega? Macho?"

"Ndiyo, dada."

"Na kuniamkia kila ukinifikia begani. Nilikukataza?"

Nikaacha kamba.

"Ningekutoa tabia ile kwa siku moja," alisema. "Ningekwambia tu, mwanangu, ndani ya uwanja hakuna mkubwa. Baba yako mwenyewe ningekwenda kuongea naye, angeelewa. Sikusema. Miaka mitatu nakuitikia kila asubuhi. Siku ile ya kwanza ulikuwa umekwisha nipita, mimi nilijua hata kama watu walicheka. Nikaona hiki kitu nikiweke, kitanifaa siku moja."

Mikono yake iliendelea kufunga.

"Pale Dodoma uliponijia na goti lako, ningeitikiaje? Salamu yenyewe nilikuwa nimeshaitumia kama mwiba. Watu walidhani nina hasira na wewe. Nilikuwa na aibu."

Nilisimama nikatoka nje. Nataka kusema kwamba nilimwelewa hapo hapo, lakini sikumwelewa, nilikuwa na hasira. Nilikumbuka kila goti nililopinda, kila asubuhi, na yeye anahesabu. Nilishika usukani wa baiskeli nikataka kuondoka, na mimi kuondoka naweza. Kisha nikajiuliza: mwenye miaka thelathini na saba na mbio moja iliyobaki angekuwa ni mimi, ningefanyaje? Jibu nililijua haraka, na halikunipendeza hata kidogo.

Nikarudi ndani. Nikabaki nimesimama.

"Mwezi wa sita kuna mbio nyingine," nikamwambia. "Nataka dhahabu. Sina mtu wa kunipigia saa, sina wa kunishikia baiskeli. Utarudi mjini unifundishe, na safari hii unifundishe yote. Sijakusamehe, lakini utakuja."

Alimaliza ufito wake, akaivuta kamba, akakata kilichozidi kwa meno. Kisha akatazama nje ya mlango, kwenye baiskeli yangu iliyoegemea ukuta, akaitazama kwa muda.

"Siti yako iko juu vidole viwili," alisema. "Unaiweka juu hivyo tangu siku ya kwanza, nami sikukwambia."

Nikaenda nyumba ya jirani kuomba spana.